Tafakari ya Wiki: Mabaki ya Aliyetangulia

Somo: Ezekieli 18



Somo la wiki hii linatupeleka Babeli, kando ya mto Kebari, kwa watu waliohamishwa kutoka Yerusalemu mwaka 597 kabla ya Kristo. Walikuwa na msemo juu ya zabibu mbichi: anayezila ni mzazi, anayeteseka meno ni mwana. Waliusema walipokutana, waliusema walipochoka, na bila shaka watoto wao waliusikia mpaka wakauamini.

Msemo huo haukuwa uzushi mtupu. Wengi waliokuwa uhamishoni hawakuketi katika baraza la mfalme wala hawakusimamisha sanamu hekaluni. Waliokosa walikuwa wamekwisha kufa, na mzigo ukabaki kwa waliozaliwa nyuma yao. Hata hivyo Mungu anaukataa msemo wao, na namna anavyoukataa ndiyo iliyonifanya nikae na sura hii wiki nzima. Hawapi hoja ndefu. Anawawekea watu watatu mbele yao. Wa kwanza ni mtu wa haki. Wa pili ni mwanawe, mkatili, mnyang'anyi. Wa tatu ni mjukuu, aliyeyaona yote ya baba yake akakataa kuyafuata. Kila mmoja anapitishwa katika orodha ileile ya maswali: je, amemrudishia mdeni rehani yake? Amemnyang'anya mtu? Amempa mwenye njaa chakula na asiye na nguo vazi? Amekopesha kwa riba? Amemgusa mke wa jirani? Orodha haibadiliki kutoka kwa babu mpaka mjukuu. Anayebadilika ni mtu, na kila mtu anaangaliwa kana kwamba hakuna aliyemtangulia. Babu anaishi. Mwana anakufa. Mjukuu anaishi.

Ipo kazi inayofanywa leo na vijana wetu, hapa Voi na kote Taita Taveta, ambayo inafuata utaratibu huohuo, na ninataka kanisa lote liifahamu, hata wale ambao hawajawahi kukaa mbele ya kompyuta. Kazi hiyo ni kujaribu programu. Tangu Chuo Kikuu cha Taita Taveta kipate hati yake mwaka 2016, vijana wanaosomea mambo haya hawalazimiki tena kushuka Mombasa au kupanda Nairobi ndipo wafundishwe. Baadhi yao mnawaona Jumapili wakiimba kwaya, na hamjui wanachofanya Jumatatu.

Programu ya kompyuta, kabla haijapewa hospitali au benki, hujaribiwa na programu nyingine iliyoandikwa kwa kusudi hilo tu. Mwandishi huandaa mifano midogomidogo, yaani majaribio, kila mmoja ukiuliza swali moja. Mgonjwa akisajiliwa mara mbili, mfumo utagundua? Mtoto wa miezi tisa akiandikiwa dawa kwa kipimo cha mtu mzima, mfumo utakataa? Mifano hiyo hufika mamia, kisha maelfu, na kompyuta huipitia yote yenyewe kila mtu anapobadilisha hata mstari mmoja. Uliofaulu huonyeshwa kwa kijani, ulioanguka kwa nyekundu.

Mfano ninaoufahamu wa karibu na maisha yetu ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Mizizi yake iko nchini mwetu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, nje ya Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kazi hiyo ilikua kadiri ugonjwa wa UKIMWI ulivyozidi kuwaleta watu kliniki, mpaka mwaka 2004 ukaanza kubuniwa mfumo mpya, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret. Leo uko katika nchi nyingi, na mfumo wa KenyaEMR unaotumiwa katika vituo vingi vya afya vya umma hapa Kenya umejengwa juu yake. Mama anayechukua dawa zake za kila mwezi anaitegemea kazi hiyo, ajue asijue.

Msimbo wa OpenMRS uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma. Ndani yake mna faili linaloitwa standardTestDataset.xml, na ndani ya faili hilo mna wagonjwa wasiokuwepo duniani. Mgonjwa nambari 2 ni Horatio Hornblower, jina la nahodha wa kubuniwa katika riwaya za Mwingereza C. S. Forester. Nambari 7 ana jina la mwisho Chebaskwony, na nambari 8 ni Oloo. Kenya imeacha alama yake katika faili ambalo waandishi wa programu wa mabara mengine hulifungua kila siku. Katikati ya majina yao limewekwa neno Test. Wagonjwa hawa wamezaliwa, wamepimwa, wameandikiwa dawa, wengine wamefutwa, na hakuna aliyewahi kuumwa.

Kuwaandaa kunachukua muda. Faili ni refu. Kila mgonjwa ana vipimo, miadi, madaktari, vituo. Kama kila jaribio kati ya maelfu lingeanza kwa kulisoma faili lote upya na kuwapanga wagonjwa mmoja mmoja, mwandishi angekaa akisubiri, angechoka kusubiri, na mwisho angeacha kuyaendesha majaribio. Hapo ndipo kosa linapopenya mpaka kliniki. Kwa hiyo waliojenga mfumo waliamua hivi: data ya msingi isomwe mara moja tu, mwanzoni, iwekwe katika hifadhidata inayokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na iwekwe alama kwamba maandalizi yamekwisha. Jaribio la pili likija, linaikuta alama, linaingia kazini moja kwa moja. La tatu vivyo hivyo, na la elfu vivyo hivyo. Yote yanatumia kilichoandaliwa mara moja.

Nawasifu kwa hilo. Wapo wanaodhani usafi ni kila mtu kuwa na chake, na kwamba kushiriki ni njia ya wavivu. Sivyo. Kushiriki kilichoandaliwa vizuri ni uwakili mwema wa muda, na mahali penye upungufu ni upendo.

Waliofanya mtihani wa kemia wa KCSE, ule wa vitendo, watalielewa jambo hili upesi. Mhudumu wa maabara huandaa kemikali mapema, kwenye chombo kikubwa, kwa maelekezo yaliyotumwa shuleni. Myeyusho ni mmoja kwa darasa zima. Hakuna shule yenye uwezo wa kumtayarishia kila mtahiniwa wake. Kinachofanyika ni kummiminia kila mmoja kiasi chake katika kopo lake. Sasa mtahiniwa mmoja amalize, abaki na nusu kopo iliyokwisha kuchanganyika na asidi, na kwa nia njema kabisa ya kutopoteza mali ya shule airudishe katika chombo kikubwa. Hakuna atakayeona; maji ni meupe kama yalivyokuwa. Lakini wote watakaomiminiwa baada yake watapata majibu ya uongo, watakatwa alama, na hakuna hata mmoja atakayejua amekosea wapi, kwa maana hakukosea.

Wajenzi wa OpenMRS waliliona jambo hilo, wakaweka ulinzi. Kila jaribio linapoanza, hufunguliwa muamala katika hifadhidata. Ndani ya muamala huo jaribio lina uhuru wote: limbadilishe mgonjwa jina, limfute, limwandike kuwa amefariki. Likimalizika, muamala mzima unabatilishwa na kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Na unabatilishwa hata kama jaribio limeanguka. Jambo hili lilinigusa. Usafi wa anayefuata haukuachwa utegemee uaminifu wa aliyetangulia. Aliyefaulu na aliyeanguka, wote wanaacha meza ikiwa safi, kwa sababu kuna aliye juu yao anayeisafisha.

Sasa niwaonyeshe inavyokuwa ulinzi usipokuwepo. Dada mmoja wa ushirika wetu wa vijana anaandika programu ya miadi ya kliniki, na alinionyesha kwenye kompyuta yake jambo lililomsumbua. Jaribio moja dogo, la kumtumia mgonjwa ujumbe wa kumkumbusha siku yake. Alipoliendesha peke yake, kijani. Alipoyaendesha majaribio yote pamoja, nyekundu. Akaliendesha tena peke yake, kijani. Aliukagua msimbo wa kutuma ujumbe mstari kwa mstari asione dosari, kwa sababu dosari haikuwepo pale. Mwishowe aliliona jaribio lingine, mbali kabisa, katika faili jingine, lililokuwa likimwandika mgonjwa yuleyule kuwa amefariki ili kupima ripoti ya vifo. Mgonjwa alikuwa ameandaliwa mara moja kwa ajili ya wote, nje ya muamala, na hakuna aliyemrudisha katika hali yake. Jaribio la ujumbe lilipofika, lilikuta maiti. Mfumo haukumtumia marehemu ujumbe, nao ulifanya sawa. Aliyehukumiwa ni asiye na hatia.

"Mchungaji," akaniambia, "hilo ni afadhali. Nyekundu angalau inakuamsha. Linalonitisha ni lile linalopita kwa sababu ya mabaki."

Akanieleza. Jaribio la kwanza linamsajili mgonjwa. La pili linapaswa kumsajili mgonjwa wake lenyewe, lakini mwandishi amesahau kuandika hatua hiyo. Kwa kuwa mgonjwa wa jaribio la kwanza bado yupo, la pili linamkuta, linamtumia, linaonyesha kijani. Litaonyesha kijani wiki hii na mwezi ujao. Siku moja mtu anaondoa jaribio la kwanza, au anabadilisha mpangilio tu, na la pili linaanguka. Halikuwahi kusimama kwa miguu yake.

Wapendwa, hapa nataka tukae kidogo, maana kanisani nimemwona mtu anayepita kwa mabaki ya mwingine mara nyingi kuliko yule anayeanguka kwa ajili yake. Tunajua kumhurumia mtoto anayeadhibiwa kwa kosa la baba yake. Hatujui kumwonya mtoto anayepita kwa wema wa nyanya yake. Injili imekaa Sagalla tangu wamisionari wa Kianglikana wa CMS walipofika huko miaka ya 1880, na Bura tangu Wakatoliki walipofungua misheni yao mwaka 1892. Ziko nyumba hapa kwetu zenye vizazi vinne au vitano vya Ukristo. Mtoto wa nyumba kama hiyo anabatizwa, anapata kipaimara, anawekwa katika kamati, na hakuna anayemwuliza swali hata moja, kwa sababu babu yake alijenga kanisa kwa mikono yake. Anaonekana kijani. Ezekieli anamtazama mwana wa mtu mwenye haki na kusema waziwazi kwamba haki ya baba haitamfaa kitu, kama yeye mwenyewe ni mnyang'anyi. Babu aliishi kwa haki yake. Mwana hakukopeshwa hata siku moja ya haki hiyo.

Wenye kazi yao wana njia ya kumgundua wa namna hii, nayo ni rahisi: huyachanganya majaribio. RSpec, chombo kinachotumiwa sana na wanaoandika programu kwa lugha ya Ruby, kinaweza kuyaendesha kwa mpangilio tofauti kila mara, bila utaratibu unaotabirika, na hutoa namba ya mpangilio huo ili jaribio likianguka mpangilio uleule uweze kurudiwa na chanzo kitafutwe. Jaribio linalosimama lenyewe halijali limewekwa la kwanza au la mwisho. Linalotegemea mabaki huanguka. Kuhama ndiko kunakotuchanganya sisi: kijana aliyekuwa nguzo ya ushirika Wundanyi anapata kazi Mombasa au Doha, mahali ambapo hakuna anayelijua jina la babu yake, na ndani ya mwaka mmoja hasali. Tunamlaumu mji ule. Mji ulibadilisha mpangilio tu.

RSpec ina busara nyingine. Ina njia ya kuandaa kitu mara kinapohitajika kwa mara ya kwanza na kukikumbuka, ili kisiandaliwe tena kila kinapotajwa. Lakini kumbukumbu hiyo hudumu ndani ya mfano mmoja tu. Mfano ukiisha, imesahaulika. Unaofuata unaandaa chake upya. Kent Beck na Erich Gamma walifikiri hivyohivyo walipoandika JUnit mwaka 1997, kwa sehemu wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta: kila jaribio lipewe nakala mpya ya vitu vyake, lisirithi cha jirani. Huo ndio msingi, kuanza upya. Kushiriki kati ya mifano mingi ni ruhusa inayotolewa baadaye, kwa sababu ya muda, na hutolewa kwa masharti. Kuna chombo kiitwacho TestProf kinachotoa ruhusa hiyo kwa watu wa Ruby. Kinaandaa kitu mara moja kwa kundi zima la mifano, ndani ya muamala, na kinakuruhusu ukifunge kisibadilishwe. Ukikifunga, jaribio lolote litakalojaribu kukibadilisha litakamatwa palepale, kabla halijamharibia mwingine.

Rudini kwenye Ezekieli muone. Ile orodha ya matendo, wanayopitishwa babu, mwana na mjukuu, ni ya pamoja, na imefungwa. Hakuna kati yao aliyepewa ruhusa ya kuibadilisha. Mwana mkatili hakuweza kufuta swali la rehani ili mwanawe apate nafuu, wala babu mwema hakuweza kuongeza jibu lake mbele ya jina la mwanawe. Kilicho cha wote kinasomwa na wote na hakiandikwi na mtu. Kilicho cha mtu kinaanza naye na kuhesabiwa kwake.

Wazee wa milima hii hawakulikosa jambo hili kabisa. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyeishi kati ya Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1978 kitabu chake Casting Out Anger, kinachoiweka hasira katikati ya dini ya mababu zetu. Hasira iliyofichwa moyoni, aliandika, ilihesabiwa kuwa inamdhuru asiyejua lolote: mtoto anaugua, ng'ombe anakufa, mvua inakawia. Dawa yake ilikuwa kutasa. Mwenye hasira alichukua pombe ya miwa, au maji ya miwa yasiyochacha, au maji tu, akayapuliza kwa kinywa huku akitamka maneno ya amani na heri. Aliyetakiwa kufanya hivyo ni mwenye hasira, si aliyedhurika. Mtoto mgonjwa hakuambiwa ajitakase na uchungu wa mjomba wake. Mjomba ndiye aliyeitwa.

Simwiti mtu arudi kwenye kutasa. Tunaye Kuhani Mkuu aliyemaliza kazi hiyo. Ila ninasema kwamba kizazi chetu kimeacha desturi na hakikushika Injili iliyopaswa kuijaza nafasi yake. Tunakwenda Meza ya Bwana tukiwa na maneno ya ugomvi wa shamba wa mwaka juzi, kisha tunarudi nyumbani na kuyamimina kwa watoto ambao hawakuwa wamezaliwa ugomvi ulipoanza. Binamu hawasalimiani hapa Voi sokoni, na ukiwauliza hawajui sababu. Waliikuta.

Niwaambie pia mahali ambapo mfano huu wa kompyuta unaishia, maana nisingependa mtu aondoke na faraja nyepesi. Muamala unaobatilishwa hurudisha kilicho ndani ya hifadhidata peke yake. Jaribio likiwa limeandika faili kwenye diski, au limetuma barua pepe kweli, au limebadilisha kitu kinachokaa nje ya muamala, kubatilisha hakukifikii. Barua pepe imekwenda. Wenye kazi wanalijua hilo, na kwa vitu vya namna hiyo wanaandika hatua za kusafisha kwa mkono, moja baada ya nyingine. Msamaha wa Mungu unaondoa hatia yangu yote. Kipande cha ardhi nilichomnyang'anya mjane bado kiko mikononi mwangu asubuhi baada ya ibada ya toba. Zakayo katika Luka 19 alilielewa hili bila kuambiwa: alipompokea Yesu kwake, alisimama akataja mali, akataja nusu kwa maskini, akataja mara nne kwa aliowadhulumu. Jirani haulizi kama umesamehewa. Anauliza kama utairudisha beacon ya mpaka mahali pake.

Tena Ezekieli 18 isitumiwe kuwapiga waliodhulumiwa. Nimesikia mtu akisema, kila mmoja na mzigo wake, akimwambia kijana ambaye wazazi wake ni maskwota. Kaunti hii zaidi ya nusu yake ni mbuga za Tsavo. Sehemu nyingine kubwa ni mashamba ya mkonge na ranchi. Ewart Grogan alilima mkonge Taveta na kujenga jumba lake kilimani katika miaka ya 1930, na maelfu ya maekari yaliyokatwa enzi hizo hayakuwarudia wenyeji. Mtoto aliyezaliwa bila ardhi ya kurithi hakuanza akiwa na meza safi. Alianza na mabaki ya maamuzi ya watu waliokufa kabla babu yake hajaoa. Ezekieli hakuwaambia vijana wa Babeli kwamba hawako uhamishoni. Walikuwa uhamishoni, na waliendelea kuwa huko. Aliwaambia kwamba Mungu hawahesabii hatia isiyokuwa yao, na kwamba mlango wao wa uzima uko wazi leo, palepale walipo. Madhara na hatia ni vitu viwili. Anayemhukumu skwota kwa umaskini wake amevichanganya, na anayemwambia skwota kwamba hana lolote la kujibu mbele za Mungu amevichanganya pia.

Kwa hiyo tujiangalie. Msichana anaposwa, na swali la kwanza mezani ni kama nyanya yake hakushukiwa uchawi. Mwanamke anaomba mkopo katika chama, ananyimwa kwa kuwa shemeji yake hakulipa. Mvulana anahamia shule mpya Mwatate akitaka kuanza upya, na sifa ya kaka yake imefika darasani kabla yake. Kila mmoja wao ni jaribio lililoanguka kwa kosa la jingine, nasi ni watu wazima, tena wa Kanisa, tunaolitazama lile jekundu na kuliamini bila kumwendesha huyo mtu peke yake hata mara moja. Dada yule wa kliniki alilifanya hilo kwa mgonjwa ambaye hayupo. Alimtafuta aliyemwandika kuwa amefariki mpaka akampata.

Mbele ya kamati ya ushirika sasa hivi kuna maombi ya watu wapya: wa kwaya, wa darasa la kipaimara, na wa kusaidiwa karo. Nawaomba wazee wa kanisa wayasome kwa jina la mwombaji peke yake, na pale ambapo mtu ameandika pembeni kwamba huyu ni wa nyumba ya fulani, kwa sifa au kwa lawama, maandishi hayo yakatwe kabla ya kikao. Walezi wa kipaimara wawaulize watoto wa wazee wa kanisa maswali yaleyale wanayowauliza watoto wa wageni, yote, bila kuruka.

Someni Ezekieli 18 nyumbani, mistari yote 32, kwa sauti, watoto wakiwapo. Na yeyote mwenye neno moyoni juu ya ndugu yake, aje anione kabla ya Meza ya Bwana ya Jumapili ijayo. Nitafuatana naye mpaka mlangoni kwa huyo ndugu.